Maji Uliyokuwa Ukitia Kwenye Rejeta

Mama yangu,

Kuna jambo limelipata gari lako, na nimezunguka wiki nzima nikitafuta namna ya kukuambia. Unanijua. Nikiwa na habari mbaya huanza kwa kuzungumzia hali ya hewa. Basi hali ya hewa ni hii: Januari imetushika vibaya hapa Wheaton, vioo vya gari vinaganda hadi upande wa ndani, na jirani yetu wa ghorofa ya chini ameacha kutoka nje kabisa, anazungumza nasi kupitia dirisha. Nivumilie nifike huko kwa njia yangu.

Ulipotuacha mwezi wa nne, vitu vyako viligawanywa bila maneno. Kina mama wa kundi lako walichukua leso na sufuria, mimi nikaachiwa gari. Hakuna aliyeuliza kama nalitaka. Kanisani liliitwa basi la Mama Mwangi, na Mwangi ni mimi. Nyambura alilizunguka mara moja pale maegeshoni, akagusa tairi kwa ncha ya kiatu, akasema tuliuze kabla halijatukwamisha barabarani na mtoto ndani. Nilikataa. Sikumwambia mke wangu kwamba mimi nililiogopa kuliko yeye.

Ulilinunua Wambui alipozaliwa. Alikuwa binti wa kwanza wa mwanao, kwa hiyo kwa desturi yetu jina lilikuwa lako hata kabla hajalia. Ulikuja hospitalini, ukamtazama, ukaniuliza nitambeba na nini. Nilikuwa na kigari cha milango miwili. "Jina langu halitafungwa mkanda ndani ya kile kiberiti," ulisema, na wiki hiyohiyo ukarudi na gari kubwa la viti saba, rangi ya kahawia, ambalo tayari lilikuwa limetumikia familia mbili nyingine. Ulikalia mto wa sebuleni ili uone vizuri juu ya usukani, ukatuzungusha hadi Silver Spring na kurudi bila sababu yoyote. Sijui kama niliwahi kukuona na furaha ya namna ile tena.

Baada ya hapo gari halikupumzika. Jumapili ulipita Georgia Avenue ukiwaokota kina mama mmoja mmoja kwenye maghorofa yao. Mgeni yeyote kutoka Kenya akitua uwanja wa ndege, ni wewe uliyeitwa, na masanduku yalipangwa mpaka darini, gari likaketi kwa nyuma kama mtu aliyeshiba. Shoku zilikufa mapema. Ukivuka tuta, sisi wa kiti cha mwisho tuligonga vichwa, na wewe ukacheka ukasema tumekula sana.

Tukiwa wawili tu, wewe na mimi, ulizima redio. "Nyamaza kidogo, nisikie," uliniambia, ukashusha kioo kwenye taa nyekundu hata theluji ikianguka. Ulijua sauti ya pedi za breki zilizoisha, na sauti ya beringi ya gurudumu inayoanza kuchoka. Ulijifunza hayo ukiwa msichana, ukiwapelekea chai mafundi wa gereji ya kaka yako kule Molo, na hukusahau hata moja. Mimi nilisikia kelele tu. Kila kelele kwangu ilikuwa sawa na nyingine, na kila moja ilikuwa mwisho wa dunia.

Sababu tuliijua sote wawili. Nilikuwa na miaka saba siku breki za pikapu ya mjomba zilipokataa kwenye mteremko, tukaishia kwenye ukingo wa udongo, wazima wote. Mjomba alicheka. Mimi nilikojoa kitandani mpaka mwaka uliofuata. Tangu hapo ulikuwa na jibu moja kwangu, "hakuna kitu," na ulilitumia kwa kila jambo: kwa radi, kwa barua za uhamiaji, kwa miguu yako iliyovimba mwaka juzi. Ulisema ni uchovu wa kuinua wagonjwa kazini. Februari niliupata ukweli wa ugonjwa wako kwa Mama Shiko, rafiki yako wa kanisani, aliyenipa pole akidhani najua. Sikukuuliza kwa nini. Muda haukuwa mwingi, na nilitaka kuutumia nikiwa nimekushika mkono.

Basi nikabaki na gari lako, bila masikio yako. Kila asubuhi nilimpakia Wambui nyuma, nikampeleka shule, kisha nikavuka mto kwenda kazini Arlington. Na kila asubuhi nilikuwa na swali lilelile: gari hili ninalompakia mtoto, ni zima? Sikuwa na njia ya kujua, wala mtu wa kumuuliza bila kuonekana mjinga.

Juni iliwaka taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa. Niliendesha polepole mpaka darajani nikiwa nimewasha taa za hatari, na kila aliyenipita alinipigia honi. Kumbe nilikuwa nimefunga vibaya kifuniko cha tangi la mafuta. Agosti usukani ukaanza kutetemeka nikikanyaga breki. Nikabadilishiwa diski na pedi za mbele, na kwa siku tatu nikaendesha kama watu wengine. Siku ya nne nikasikia kitu kikigonga nyuma. Nilikitafuta wiki mbili. Nililala chini ya gari na shati la kazi, nikamlazimisha Nyambura akae kwenye buti nikizunguka mtaa, asikilize, na yeye ni nesi aliyetoka zamu. Ilikuwa chupa ya mafuta ya nywele ya Wambui, imedumbukia penye tairi la akiba. Novemba, baridi ya kwanza ilipoingia, ikawaka taa ya upepo wa matairi, nikajaza upepo mara tatu kwa siku moja. Betri niliipeleka kupimwa mara nyingi mpaka kijana wa duka la vipuri akaniuliza kwa upole kama nyumbani mambo ni sawa.

Jambo moja tu nililifanya bila wasiwasi, na ni lile nililojifunza kwako.

Ulikuwa na mtungi wa maji wa lita tano nyuma ya kiti cha mwisho. Kiangazi, mshale wa joto ukianza kupanda, uliingia kituo cha mafuta, ukafungua boneti, ukangoja. Ulingoja kweli, dakika ishirini, ukitafuna njugu. Kisha ulifunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, ukageuza uso pembeni, ukakifungua taratibu mpaka mvuke ukaisha, ukamimina. "Lilikuwa na kiu tu," ulisema. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, nimemshika Wambui. Ndivyo mjomba alivyofanya, ndivyo kila mtu wa kwetu mwenye gari la zamani anavyofanya, na nilidhani ndilo jambo pekee la gari lako ninalolijua mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili nilifungua boneti, injini ikiwa imepoa, nikaongeza maji ya bomba. Mwanzoni mle ndani mlikuwa na kitu cha kijani. Kikapauka mwezi hadi mwezi, mpaka Desemba nikaona maji safi kabisa, ya kunywa, nikafurahi kwamba rejeta imetakata. Nilimwita hata Wambui aje aone. Siku hiyo nilijisikia mwanao hasa, Mama, mtu aliyeachiwa kitu akakitunza.

Sasa nimefika kwenye habari mbaya yenyewe, Jumapili ya wiki iliyopita.

Zamu yako ya kuwaokota kina mama niliirithi pamoja na gari. Nyambura alikuwa hospitalini kazini, kwa hiyo ndani tulikuwa mimi, Wambui, Mama Shiko na wenzake wawili. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Hita ilipuliza hewa ya barafu, nikabonyeza kila kitufe, haikubadilika. Kina mama wakajitanda leso juu ya makoti wakaniambia nisihangaike. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Sikuelewa kabisa. Nje kila kitu kimeganda, na injini inasema inaungua. Nilimtazama Wambui kwenye kioo, naye alikuwa ananitazama mimi. Tulipokaribia Silver Spring mvuke ukafumuka kwenye boneti, nikaingia kituo cha mafuta.

Ningekuwa peke yangu labda ningempigia mtu simu. Lakini nilikuwa na kina mama watatu, wa Molo, wa Nyahururu na wa Kericho, na kila mmoja alijua dawa. Walishuka na viatu vya kanisani juu ya barafu, wameshikana mikono.

"Hiyo ni maji imeisha," Mama Shiko alisema. "Si mamako alikuwa anaongezanga? Ongeza."

Niliutoa mtungi. Ulikuwa umeganda wote, jiwe tupu. Basi wakafungua mikoba, wakatoa chupa zao za maji ya kunywa, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa imeombewa. Tulingoja dakika zako ishirini. Nilitumia kitambaa, nikageuza uso pembeni, nikamimina zote. Mama, nilikuwa na mtungi ulioganda mkononi, nikauweka chini, nikamimina maji mengine. Watu wazima wanne tulisimama pale na hatukuona.

Gari lilijikokota mpaka kanisani. Baada ya ibada nilichota maji kwenye jiko la kanisa nikalijaza mpaka juu, likakataa kuwaka vizuri, nikaliacha maegeshoni, tukarudishwa makwetu na wengine. Usiku huo baridi ikazidi.

Jumatatu nilimpigia Mama Shiko kumuuliza kama anajua gereji ya kuaminika. Alishangaa. "Kwani humjui fundi wa mamako? Yule Mtanzania wa hapo Wheaton?" Sikujua kama una fundi. Gereji yake iko dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, nimeipita miaka yote hii nikienda kununua unga.

Fundi Hamisi alilitambua gari likiwa bado juu ya lori la kuvuta. Aliweka mkono kwenye boneti, akanipa pole ya msiba kwa utulivu, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri, akauliza hali ya Wambui kwa jina. Kisha wakaliingiza ndani penye joto. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu tone, halafu matone, halafu maji yakaanza kumwagika sakafuni kutoka mahali ambapo hata mimi nilijua hapapaswi kutoka maji. Aliyapokea kiganjani, akayatazama, akayanusa.

"Haya maji matupu, bwana," alisema. "Nani kakwambia uweke maji matupu Januari?"

Nilimwambia wewe ulikuwa unaweka maji.

"Mama alikuwa anaweka kiangazi, ya kumfikisha nyumbani. Ikifika Oktoba ananiletea hapa. Namwaga yote, naweka kulanti mpya, ile ya kijani isiyoganda. Kila mwaka. Hajaruka hata mmoja."

Alinionyesha kwa tochi. Maji yakiganda hayazunguki, ndiyo maana hita ilipuliza baridi na mshale ukapanda; na yakiganda hutanuka, na chuma hakina pa kwenda. Injini ilikuwa imepasuka ubavuni, mpasuko mrefu kama kidole. Akasema hata angeichomelea isingekaa, na kwa umri wa gari hilo asingenidanganya. Nikamuuliza kwa nini hukuwahi kuniambia kuhusu Oktoba, nikijua fika kwamba swali hilo si lake.

Alifuta mikono kwa muda mrefu. "Alinikataza. Nilimwambia rejeta inavuja, mama, tuibadilishe, na mwanao ajue. Akasema, 'Mwangi akijua hatalala, na ana kazi ya watu.' Oktoba ile ya mwisho alikuja hawezi hata kusimama. Alikaa pale." Alionyesha kiti cha plastiki karibu na mlango. "Nikamwambia, mama, hili la gari tuache, hilo lako je, kijana anajua? Akasema atamwambia akipata nafuu."

Oktoba ile nilikupigia simu kila siku, Mama. Ulikuwa unaniambia uko sokoni.

Nilikasirika. Nataka ulijue hilo, kwa sababu matanga yote sikukasirika, nilikuwa nasaini karatasi na kugawa chai. Nilikasirika pale mbele ya kiti cha plastiki, na si kwa ajili ya injini. Ulinipa nusu ya kila kitu, ile nusu isiyotisha. Uliniacha nione maji, ukaificha Oktoba. Uliniacha nione miguu, ukaificha hospitali. Nami nikaishi na nusu hizo nikidhani ni nzima, nikampakia mwanangu ndani yake. Fundi Hamisi alinivutia kiti kile nikae. Nilikaa, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akaendelea kupanga spana zake bila haraka.

Sasa tunaenda shule kwa miguu. Jana alasiri tukirudi, Wambui aliniuliza kama ni sisi tulioliharibu gari la Cucu wake, yaani lako. Unamjua, anaelewa kila neno ila hujibu kwa Kiingereza. Jibu nilikuwa nalo tayari: hapana, mami, lilikuwa limezeeka. Ni jibu zuri, lingemridhisha. Badala yake nilimwambia ndiyo, ni mimi niliyeliharibu, nilitia maji wakati haukuwa wa maji, na sikumuuliza mtu.

Alitembea hatua kadhaa akipiga vipande vya barafu kwa kiatu. Akauliza kama niliogopa siku ile ya mvuke. Nikamwambia niliogopa sana, na kwamba gari lile lilinitia hofu karibu kila asubuhi.

"I know," alisema. "That's why I didn't tell you about my seat belt."

Kwamba alijua naogopa, na ndiyo maana hakuniambia kuhusu mkanda wa kiti chake. Nilisimama. Naye, alipoona nimesimama, akageukia Kiswahili chake cha kuokoteza, kile anachokitumia akitaka nisikasirike. "Ya seat yangu haishikangi, Baba. Inatokanga yenyewe. So nilikuwa naishika na mkono."

Nikamuuliza tangu lini. Tangu shule zifunguliwe, Septemba. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Nikamuuliza kwa nini, ingawa alikuwa ameshaniambia, na akanitazama kwa huruma, kwa macho yale ambayo watu wote husema ni yako.

Kila asubuhi, Mama. Mimi mbele nimezima redio, nasikiliza beringi, nasikiliza matairi, naomba Mungu kwenye kila mteremko. Na nyuma yangu mtoto mwenye jina lako amekaa kimya, ameubana mkanda kifuani kwa mkono wake mdogo, Septemba hadi Januari, ili baba yake apate usingizi.

Nilipiga magoti palepale kando ya barabara, kwenye theluji chafu, nikamshika huo mkono. Nilimwambia kitu ambacho sikupata nafasi ya kukuambia wewe, na nakiandika hapa kwa maneno yaleyale. Niambie. Nitakosa usingizi, ndiyo, nitakosa kabisa. Lakini niambie.

Nakupenda, na bado nimekukasirikia,

Mwanao,
Baba Wambui